Bahasha Chini ya Mahindi

Tarehe 17 Septemba 1988, Michezo ya Olimpiki inafunguliwa Seoul, na msichana wa sekondari aitwaye Deok-sun anaingia uwanjani ameshika bango la Uganda. Si bango alilopangiwa. Kwa muda mrefu alikuwa akifanyishwa mazoezi ya kutembea mbele ya wanamichezo wa Madagaska, na mtaa wao mzima ulijua. Mara ikatangazwa kwamba Madagaska imejitoa, na mtoto wa watu akalia kilio cha msiba. Dakika za mwisho Uganda ikakosa wa kuibebea bango, akaitwa yeye.

Deok-sun ni mtu wa kutungwa, wa kwenye tamthilia ya Kikorea, lakini kujitoa kwa Madagaska ni kweli tupu. Korea Kaskazini iligomea michezo ile, na Kuba, Ethiopia, Nikaragua, Albania, Shelisheli na Madagaska nazo hazikwenda. Kenya ilikwenda na ikarudi na dhahabu tano: Paul Ereng mita 800, Peter Rono mita 1,500, John Ngugi mita 5,000, Julius Kariuki kuruka viunzi na maji, na Robert Wangila katika ndondi. Juma Ikangaa wetu alimaliza wa saba katika marathoni. Tulimsikiliza redioni, kwa sababu Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote cha televisheni mpaka 1994, na baba yangu alizima redio akaenda kulala bila kula.

Mwaka ule nilikuwa rika moja na huyo Deok-sun. Tuliishi Tabora, kwenye kota za reli. Dereva wa treni, karani wa tiketi, fundi wa karakana na mfagizi wa stesheni, wote walipanga ndoo zao kwenye bomba moja. Rafiki yangu mkubwa alikuwa mtoto wa stesheni masta. Yeye alivaa viatu vya ngozi, mimi raba nilizorithi kwa kaka yangu, na tulikula sahani moja. Kwa hiyo binti yangu aliponiletea tamthilia hii ya Kikorea kwenye laptop yake, akaniambia, "Mama, tazama, hii ni ya zamani zenu," nilikaa nikaitazama kama mtu anayekagua shahidi mahakamani: nilitaka kuona kama watasema kweli.

Inaitwa Reply 1988. Kituo cha kebo cha tvN kiliionyesha siku za Ijumaa na Jumamosi kuanzia 6 Novemba 2015 hadi 16 Januari 2016, sehemu 20 kwa jumla. Aliyeandika ni Lee Woo-jung na aliyeongoza ni Shin Won-ho, watu wawili waliokulia kwenye vipindi vya burudani kabla ya kuingia kwenye tamthilia. Ndiyo maana mzaha wao unakuja katikati ya machozi bila kubisha hodi. Mhusika akisema utani uliooza, mnasikia mbuzi analia, meee, kisha kilio cha mama mjane kinaendelea pale kilipoishia. Sehemu ya mwisho ilivuta asilimia 18.8 ya watazamaji wa Korea Kusini, na wakati ule hakuna kipindi cha kebo kilichokuwa kimewahi kufika hapo.

Tamthilia nyingi za utotoni hutuambia kwamba watoto hawajui tajiri wala maskini, ndiyo maana wanapendana. Siamini hivyo, na waandishi hawa hawaamini hivyo. Watoto wanajua kila kitu. Wanajua nani amekula nyama jana na nani amevaa soksi zilizotoboka. Urafiki wa watoto wa hali mbalimbali unasimama kwa sababu nyuma yao kuna watu wazima wanaofanya kazi ngumu ya kusitiriana, tena kimyakimya. Reply 1988 ni hadithi ya kazi hiyo, na mimi sijaona nyingine iliyoionyesha kwa uangalifu kama huu.

Mtaa wenyewe ni Ssangmun-dong, wilaya ya Dobong, kaskazini mwa Seoul, ingawa kichochoro tunachokiona kilijengwa mji wa jirani wa Uijeongbu kwa ajili ya kurekodi. Familia tano, marafiki watano. Wakorea nao humwita mama kwa jina la mwanawe wa kwanza, basi nitawaita wazazi hawa kama wanavyoitana wenyewe.

Deok-sun ni mtoto wa kati kwa Mama Bo-ra. Baba yao ni mfanyakazi wa benki, na mshahara wa benki si haba, ila alimwekea rafiki yake dhamana ya mkopo. Rafiki akashindwa kulipa. Sasa kila mwisho wa mwezi mshahara unaliwa na deni la mtu mwingine, na familia ya watu watano imejibana kwenye nyumba ya chini, ile ambayo nusu yake imezama ardhini na dirisha lake linaangalia miguu ya wapita njia. Waliotazama filamu ya Parasite ya mwaka 2019 wanaijua nyumba ya aina hiyo. Vyumba hivyo havikujengwa kwa ajili ya kuishi. Sheria ya ujenzi ya 1970, wakati wa hofu ya vita na Kaskazini, ilitaka majengo mapya yawe na chumba cha chini cha kujihami. Watu walipofurika Seoul, wenye nyumba wakaanza kuvipangisha, na miaka ya themanini serikali ikaviruhusu.

Juu yao, kwenye nyumba hiyohiyo, anaishi mwenye nyumba: Mama Jung-bong, mwanamke mwenye sauti nene anayependa nguo za madoa ya chui. Mwanawe mdogo, Jung-hwan, ndiye rafiki wa Deok-sun. Utajiri wao hauna muda mrefu. Mwana mkubwa, Jung-bong, kijana mpole anayefeli mtihani wa chuo kikuu kila mwaka na kukusanya stempu, alishinda bahati nasibu, wakaamka matajiri. Kabla ya hapo walikuwa hohehahe kuliko wote kichochoroni. Hilo tunaambiwa polepole, na likishajulikana tunaelewa kwa nini mama huyu anatoa namna anavyotoa.

Sun-woo ni mtoto wa mfano, hodari darasani. Baba yake amefariki na mama analea watoto wawili peke yake. Dong-ryong ni mtoto wa mwalimu wa nidhamu, na mama yake anauza bima kwa bidii kubwa. Kwao pesa zipo mezani, ila watu hawapo. Halafu kuna Taek. Hana mama. Baba yake ni mtu wa maneno machache mwenye duka la saa, naye Taek ni bingwa wa baduk, ule mchezo wa kete nyeusi na nyeupe kwenye ubao wa mistari 19 kwa 19 ambao Wajapani huuita go. Wakorea walimtambua mara moja: amechongwa kwa mfano wa Lee Chang-ho, aliyeingia kwenye mchezo huo wa kulipwa mwaka 1986 akiwa na miaka 11. Taek anaingiza pesa kuliko wazazi wote wa mtaa ule, magazeti yanamwandika, lakini mambo madogo ya nyumbani yanamshinda. Wenzake hawamwogopi hata kidogo. Wanavamia chumba chake, wanakula vyakula vyake, wanamcheka, wanamtunza. Sijui kama kuna heshima kubwa kuliko hiyo kwa mtoto maarufu.

Sasa tazama bakuli. Ni sehemu ya kwanza, jua linazama, akina mama wanawaita watoto waje kula. Mama mmoja amepika chakula kingi kidogo, anampa mwanawe bakuli: peleka kwa fulani. Fulani naye hawezi kuliacha bakuli lirudi tupu. Mtoto anarudi na kitu kingine, anakabidhiwa bakuli la pili la nyumba ya tatu. Dakika chache baadaye kichochoro kimejaa watoto wanaopishana, kila mmoja ameshika bakuli kwa mikono miwili, wamechoka na wana njaa, na meza ya kila nyumba imejaa vyakula vya nyumba nyingine. Jung-hwan anauliza, kwa hasira ya mwenye njaa, kwa nini basi wasikae wote wakala pamoja.

Ni swali la kitoto, na jibu lake ndilo hadithi nzima. Wakikaa meza moja, itaonekana nani kaleta nini. Bakuli likitembea gizani, aliyeleta mboga na aliyeleta nyama wote wametoa, wote wamepokea. Sisi kota tulikuwa na adabu hiyohiyo. Mama yangu asipokuwa na cha kurudishia, aliweka hata ndimu mbili kwenye sahani ya jirani.

Halafu mahindi. Deok-sun anatakiwa kwenda safari ya shule, na nyumbani hakuna hata cha kumpa mkononi. Mama yake anapanda ngazi kwenda kwa Mama Jung-bong kukopa. Anakaa. Wanazungumza hili na lile. Anazunguka, anacheka panapohitaji na pasipohitaji, mikono yake haitulii. Aliyewahi kwenda kukopa anazijua dakika zile: kila mada ikiisha unajiambia sasa, halafu unasikia mdomo wako ukiuliza habari za watoto. Mwishowe anaaga na kushuka bila kulitamka lililompeleka. Mama Jung-bong hakumwuliza kitu. Baadaye anamletea kikapu cha mahindi ya kuchemsha, mahindi tu, zawadi ya jirani. Chini ya mahindi mna bahasha ya pesa.

Nilisimamisha laptop pale. Nilitaka kuitazama sura ya Mama Bo-ra, na mwigizaji Lee Il-hwa anaifanya bila machozi mengi. Angalia jambo lililofanyika. Mama Jung-bong angeweza kumwita amkabidhi pesa mkononi, na ingekuwa wema. Lakini angemlazimisha mwenzake aseme asante akimtazama usoni, na kesho yake watoto wao wasingekuwa sawa. Mahindi yamempa Mama Bo-ra nafasi ya kupokea akiwa peke yake jikoni. Deok-sun na Jung-hwan wataendelea na urafiki wao na wala hawatajua.

Mama huyohuyo tajiri ana siri yake. Anahitaji pasipoti, na jina lake linatakiwa kuandikwa kwa herufi za Kiingereza. Hawezi. Utajiri wa bahati nasibu haukumrudisha shule. Anapomweleza Jung-hwan, kijana mkavu asiyejua kusema neno laini, kijana anajibu kwa vitendo tu, bila hotuba. Amejifunza kwa mama yake jinsi ya kusaidia, bila kuketishwa chini na kufundishwa.

Mama Sun-woo ndiye mwenye sehemu iliyonitoa machozi waziwazi. Mama yake mzazi anakuja kutoka kijijini kumtembelea. Mjane anakimbia huku na huku kuazima kwa majirani, mpaka makaa, ili bibi aone nyumba ya mwanawe haina dhiki. Makaa yao ni yale ya kufinyangwa, mviringo wenye matundu, yanayowekwa chini ya sakafu kupasha nyumba joto, na moshi wake usioonekana ulikuwa ukiua watu usingizini. Majirani wanamwazima bila swali. Bibi anakaa, anatabasamu, anaondoka. Ndipo binti anakuta bahasha aliyoachiwa. Mzee aliona kila kitu na alikubali kudanganywa. Binti anapiga simu nyumbani, na maneno hayamtoki.

Tofauti si za pesa peke yake. Baba Bo-ra anaongea lafudhi ya Jeolla, kusini-magharibi. Mama Sun-woo ana lafudhi ya Gyeongsang, kusini-mashariki. Mtazamaji wa Kikorea anaisikia tofauti hiyo tangu neno la kwanza. Majimbo hayo yamekuwa na chuki ya kisiasa ya muda mrefu, na katika uchaguzi wa rais wa Desemba 1987 kura ziligawanyika kwa majimbo: Kim Dae-jung wa Jeolla, Kim Young-sam wa Gyeongsang, na jenerali mstaafu Roh Tae-woo akapita katikati. Ndani ya kichochoro kile majimbo hayo mawili yanaishi mlango kwa mlango, yanapelekeana mabakuli. Binti mkubwa, Bo-ra, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kitaifa cha Seoul, anashiriki maandamano. Polisi wanapokuja kumchukua, mama yake anasimama mvuani, kidole cha mguu kinavuja damu, anawasihi maafisa na kuwaeleza mwanawe ni mtoto wa namna gani. Bo-ra ana msimamo mkali kuliko wote kichochoroni. Anakiona kile kidole.

Kuna ubaguzi pia ndani ya nyumba moja, na huo ndio nilioutambua haraka. Mayai ya kukaanga ni mawili. Moja la dada mkubwa, moja la mdogo wao wa kiume. Paja la kuku hivyohivyo. Siku ya kuzaliwa ya Deok-sun imekaribiana na ya Bo-ra, basi kila mwaka keki ni moja: mishumaa inazimwa kwa ajili ya Bo-ra, inawashwa tena kwa ajili yake. Mwaka huu analipuka, anayasema yote, mayai kwa mapaja. Usiku baba anamngoja kichochoroni na keki ndogo ya peke yake, anamwomba radhi, anamweleza kwamba hata yeye hakuzaliwa akiwa baba. Nina watoto watatu. Niliwaonyesha kipande kile, na mtoto wangu wa kati alinitazama mimi badala ya kutazama laptop.

Kuna mambo ambayo siyapendi. Tamthilia inatupeleka mpaka sasa, ambapo Deok-sun mtu mzima ameketi na mumewe, na sehemu zote 20 tunafanyishwa mchezo wa kukisia mume ni yupi kati ya wale vijana. Korea iligawanyika kambi mbili kwa ajili ya jambo hilo. Mimi naona liliiba muda. Sehemu za mwisho ni ndefu mno, na Dong-ryong, mtoto mwenye njaa ya wazazi, ameachwa awe mchekeshaji hadi mwisho. Alistahili zaidi. Ila siwezi kuwashtaki kwamba walipaka zamani sukari. Sehemu ya tatu imepewa jina kutokana na kauli ya Ji Kang-heon, mfungwa aliyetoroka Oktoba 1988 na kushika watu mateka Seoul, akilalamika kwamba sheria humwachia mwenye pesa na kumfunga asiye nazo. Mkasa huo wa kweli umewekwa katika sehemu ileile ya kikapu cha mahindi, na waliofanya hivyo walijua wanachofanya.

Wanajua pia kilichoua kichochoro. Taek anashinda won milioni 50 na wazee wanakaa kumshauri baba yake. Mtu wa benki anasema aweke benki, japo riba imeshuka, siku hizi ni asilimia 15 tu. Mwingine anataja nyumba ya ghorofa ya Eunma, Gangnam, inayouzwa kwa kiasi hichohicho. Mtazamaji wa 2015 alishika kichwa, maana nyumba za Eunma zimepanda mpaka thamani ambayo mfanyakazi wa kawaida haifikii kwa mshahara wa maisha yake. Waliohama wakanunua upande ule wakatajirika, waliobaki wakabaki. Mwishoni Ssangmun-dong ya tamthilia inasubiri kubomolewa, na familia zinaondoka moja moja, kila moja kwa uwezo wake. Watoto waliokuwa wakipishana na mabakuli sasa wanapigiana simu.

Wengi wetu tumeliona jina Ssangmun-dong bila kulitilia maanani. Katika Squid Game, iliyoitikisa dunia mwaka 2021, Gi-hun na Sang-woo ni marafiki wa utotoni wa mtaa huohuo. Sang-woo ndiye fahari ya mtaa, aliyefika chuo kikuu cha Bo-ra. Gi-hun ni dereva aliyezama kwenye madeni. Wanakutana tena mahali ambapo mmoja lazima afe, na hakuna mama wa kupitisha kikapu kati yao. Gi-hun anatoka hai na mabilioni. Anakwenda kwa mama wa Sang-woo, mchuuzi wa sokoni, anamwachia mtoto aliyetoka kituo cha yatima amlee, na sanduku. Ndani ya sanduku ni pesa, na kikaratasi kinachosema ni fedha alizokuwa amemkopa Sang-woo. Deni hilo halikuwapo. Mama yule angeweza kukataa msaada. Malipo ya deni la mwanawe hawezi kuyakataa.